Kiti cha Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi ya kuendesha mashtaka haikunipunguzia. Siku ile ofisini Bungoma nilikuwa nimeshagonga meza mara moja. Mbele yangu alikaa mjane wa miaka kama thelathini kutoka upande wa Malakisi, kichwa amekiinamisha hata nikawa naona kitambaa chake tu.

"Mume wako akikatwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa jikoni, madam."

"Jikoni hakuna dirisha la kuangalia zizi. Nimeona picha. Uliona aje?"

Akakivuta kitambaa hadi machoni.

Mumewe aliuawa kwa panga jioni moja kando ya zizi la ng'ombe, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la tumbaku. Mshtakiwa alikuwa jirani yao. Hakuna mwingine aliyeona. Zilibaki siku tano kesi isikizwe, na mama huyu akiyumba, jirani angerudi kwake, ng'ambo ya ua.

Huo ulikuwa mkutano wetu wa tatu, na kila mara aliletwa na baba mkwe wake. Siku ya kwanza mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakataa kuingia. Mimi nimezaliwa Kitale, mtoto wa watu waliotoka Mkoa wa Kati wakaja kulima Trans-Nzoia, na nilikuwa nimefunzwa kwenye semina kwamba shahidi mwenye majeraha ya moyo asiachwe peke yake. Basi nikajiona mwenye huruma kweli kweli. "Mzee, ingia. Keti hapa karibu na yeye." Kiti nilikivuta mwenyewe. Alikaa ukingoni, uso ukutani. Nikadhani ni majonzi. Mjane alipojivuta upande wa pili wa kiti chake, nikammiminia maji.

Sasa, mzee akiwa kwenye kiti kile kile, nilikuwa nimeishiwa na maji na huruma. Nilimwambia anayedanganya mahakama hufungwa. Akaanza kuhema mbio mbio, mikono imeshika kiti, macho yakitafuta mlango. Aliinuka akatoka bila kuaga. Mzee akafuata, mbali nyuma yake.

Karani wetu, mama wa makamo mwenyeji wa Bokoli, aliingia akafunga mlango.

"Madam, naomba nikukosoe."

"Nikosoe."

"Yule ni baba mkwe wake. Kwetu mke wa kijana na baba mkwe hawasalimiani hata na mkono. Sasa wewe umewakalisha goti kwa goti, ati unamuuliza mambo ya boma. Atakuambia nini, bana?"

"Na mbona wenyewe hawakusema?"

"Wangesema aje? Si wewe ni serikali?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimewalaza watu juu ya kunguni, kisha nikawagombeza kwa kujikuna. Niliona haya, haya hasa, ya kunifanya nishindwe kumalizia chai yangu.

Kesho yake nilienda Malakisi na afisa wa upelelezi, mwanamke, naye akasubiri barabarani. Nilimwomba mzee ruhusa ya kuongea na mkaza mwanawe peke yake. Hakuuliza sababu. Alishika njia ya dukani haraka, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Mjane alikuwa anaambua maharagwe. Nikavuta kigoda, nikachukua maganda mkononi.

"Mama, nilikukosea. Baba hatakaa tena mahali ninapokuuliza. Anzia popote unapotaka. Ukichoka, tunaacha."

Nilikuwa na maswali kumi mdomoni, na wallahi kuyanyamazia kulinichosha kuliko kesi yoyote. Beseni lilifika nusu. Gari moja lilipita barabarani, kisha jingine. Nikataka kuuliza, nikauma ulimi.

"Sabuni iliniingia kwa macho," akasema.

Hakuanza na panga. Alianza na sabuni, na maji yaliyokuwa moto sana. Alikuwa anaoga, nyuma ya nyumba, ndani ya mabati yanayoelekea zizini. Alisikia mumewe akilia, akachungulia juu ya bati huku jicho linamwasha. Aliona pigo la kwanza, akaona la pili, akamwona aliyeshika panga.

"Nikatoka. Nikatoka tu vile nilikuwa."

Jirani alikuwa ameshakimbia mzee alipokuja mbio kutoka nyumba yake. Walikutana juu ya maiti. Alivua koti lake akamrushia, uso ameugeuza kando. Polisi walipoandika taarifa, mzee alikuwa amesimama hapo hapo, na ndipo hadithi ya jikoni ilipozaliwa. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuwa wamelitaja jambo hilo, hata kwa fumbo.

"Hii utaandika?"

"Lazima afisa aandike taarifa nyingine. Wakili wa yule mtu ataisoma, atakuuliza."

"Mbele ya watu?"

"Nitaomba watolewe. Siwezi kukuahidi jaji atakubali."

Alitazama ua, kwa jirani. "Na nikikataa, atarudi?"

"Huenda akarudi."

Aliambua ganda moja, jingine, la tatu. "Basi mwite huyo afisa."

Siku ya kesi, jaji hakukubali. Mzee mwenyewe alibaki nje, lakini mabenchi yalijaa watu wa kwao, mashemeji na wake zao. Mjane aliposema alikuwa anaoga, minong'ono ikapita. Wakili wa utetezi alisimama polepole.

"Kwa hivyo ulitoka uchi?"

"Ndio."

"Mbele ya nani?"

Nilikuwa nimeinuka nusu kupinga. Mjane hakuningoja.

"Mbele ya bwana yangu, akikufa. Na baba akanifunika. Na huyo hapo," akanyoosha kidole kizimbani, "alikuwa ameshika panga akiniangalia."

Wakili alipekua karatasi zake, akauliza mengine mawili matatu, akaketi.

Nilimkuta mjane nje ya lango la mahakama nikiwa nimejaa furaha. Nilimwambia amefanya vizuri sana, tena sana.

"Nimemaliza, madam?"

"Umemaliza. Nikutafutie gari ya Malakisi?"

"Hapana. Wote wamesikia baba aliniona vile nilikuwa. Kwa hiyo boma siwezi rudi."

Ndipo nikauona mfuko uliokuwa miguuni pake, umefungwa kwa kamba, nguo zake zote ndani. Alikuwa ameufunga kabla ya kuja. Kwa mikutano yetu yote, sikuwa nimemuuliza angeenda wapi.