Pumzi Ishirini

Kulingana na chati yangu, leo mgonjwa wangu alipumua vizuri saa moja baada ya kufa.

Ngojeni niwaeleze.

Alikuwa mzee wa Kariobangi, fundi wa kuchomelea vyuma. Binti yake alikaa naye kando ya kitanda.

Presha ina mashine. Joto lina mashine. Pumzi hazina: unatazama kifua dakika nzima ukihesabu.

Sasa manesi wawili, wagonjwa arobaini, hiyo dakika utaitoa wapi?

Tunaandika ishirini. Kila mtu ishirini. (Manesi mnaosoma hapa, msijifanye hamjui.)

Saa nne asubuhi binti akaniita.

"Sista, baba anapumua mbio sana."

Nikamwonyesha chati. "Ishirini. Yuko sawa."

Akatoa simu, akaweka dakika moja. "Basi tuhesabu pamoja."

Tukahesabu.

Arobaini na nne.

Nilikimbia kumwita daktari. Tukamwekea oksijeni, lakini mzee alikuwa amepambana na hizo pumzi tangu jana. Saa saba mchana akatuacha.

Binti hakunipigia kelele. Alinishukuru, eti nilijitahidi. Afadhali angenitukana.

Baadaye nikachukua chati niifunge.

Saa nane mchana: pumzi ishirini.

Mwandiko ni wangu. Nilikuwa nimejaza ya siku nzima asubuhi, kabla ya chai.

Kesho niko zamu tena. Manesi ni sisi wawili, wagonjwa ni arobaini.

Niambieni ukweli, nitaandika ngapi?