Baba Alisema Karibu

Jumamosi hiyo tulikuwa tunakula ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, nyumbani kwetu karibu na Uvira. Mdogo wangu Espoir aling'ang'ania kichwa cha samaki na Mama akawa anamcheka. Milio ya bunduki tulikuwa tunaisikia, lakini mbali, milimani, na hata hiyo mtu huizoea.

Baba alikuwa na ustaarabu uliotuchosha. Hodi ikipigwa, hata awe na tonge mdomoni, atalimeza haraka aitikie. Kumwacha mgeni nje bila jibu, kwake ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Mtu akapiga hodi. Kwa upole kabisa.

“Karibu,” Baba akasema, akaenda kufungua.

Waliingia na bunduki. Hawakutukana. Walimwambia avae viatu.

Hakurudi.

Mimi nilifika London, nikapata kazi ya kutunza wazee huku Lewisham. Espoir alitoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Amerika, na baada ya miaka akawa raia. Alipojiandaa kwa mtihani wa uraia alinikariria katiba yao kwenye simu kama mtoto wa katekisimu: askari haingii nyumbani kwako bila kibali cha jaji. Nilimtania kwamba sasa amekuwa waziri. Moyoni niliona ni maneno matamu tu, maana hata katiba ya kwetu inasema nyumba ya mtu haiingiliwi hovyo.

Mwezi uliopita alinipigia nikiwa kwenye break. Yaya ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake.

“Yaya, askari bamekuja na silaha. Banatafuta mutu mwingine. Bamegonga mulango sana.”

Nikatoka nje na simu.

“Ukafungua?”

“Hapana. Nikabauliza, karatasi ya juji iko wapi? Habakuwa nayo. Bakaenda.”

“Hivi hivi?”

“Hivi hivi, Yaya.”

Nilifurahi mpaka machozi. Na nilikuwa na wivu pia, sitaficha, kwa niaba ya Baba. Yeye angeuliza swali hilo wangempiga risasi palepale. Sijawahi kumlaumu kwa kusema karibu. Kosa ni la walioingia.

“Yaya,” Espoir akasema polepole, “Baba angekuwa na haki hii, angebakia?”

“Angebakia,” nikamjibu.

Break ikaisha. Nikarudi ndani kumwogesha mzee wa watu, mwenye umri ambao Baba angekuwa nao sasa.