Soli za Ndani za Viatu vya Hoki

Maumivu yalinianza nikiwa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini, katika shule ya bweni karibu na Roret. Asubuhi nikishuka kitandani, mguu wa kulia ukigusa tu sakafu, kisigino kilichoma kana kwamba nimekanyaga msumari. Nilishika chuma cha kitanda mpaka uchungu upungue, kisha nikajikaza kwenda kuoga. Mchana nilisahau. Jioni, baada ya mazoezi ya hoki, maumivu yalirudi na kusambaa hadi katikati ya unyayo.

Sikumwambia mtu. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekatwa mguu chini ya goti nikiwa mdogo, na nilichokumbuka ni wakubwa wakinong'ona jikoni: "Ulianza na kisigino tu." Kila nilipovua soksi nilitafuta weusi, uvimbe, harufu. Sikuona kitu, na hilo lilinitisha zaidi. Nilijiambia ubaya umejificha ndani ya mfupa.

Mwalimu wa michezo alikuwa mama mrefu kutoka upande wa ziwa, ambaye alikuwa amecheza hoki chuoni. Siku moja alisimamisha mazoezi akaniita pembeni.

"Wewe, beki wangu, mbona unakanyaga na ukingo wa mguu?"

"Hakuna kitu, Madam."

"Vua kiatu."

Viatu hivyo nilikuwa nimeachiwa na msichana aliyemaliza shule. Mwalimu aliingiza mkono, akachomoa soli ya ndani. Ilikuwa nyembamba kama karatasi, imetoboka pale kisigino kinapokaa. Alinimwagia maji kwenye unyayo, akaniambia nikanyage kipande cha katoni. Alama ya mguu wangu ilitoka pana, nzima, bila ule mkato wa katikati.

"Mguu bapa," alisema. "Na unakimbia juu ya plastiki tupu. Jumamosi twende Sotik tutafute soli. Mechi iko karibu."

Yeye aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi nilisikia jina la ugonjwa.

Sokoni Sotik kulikuwa na muuzaji wa viatu vya mitumba aliyepanga soli za ndani juu ya karatasi ya nailoni. Alitupatia kwanza za sponji, nene na nyeupe.

"Madam, hizi ni laini kama mkate. Msichana atafurahi."

Kweli mguu wangu ulizipenda. Mwalimu alizibana kwa kidole gumba na cha shahada mpaka vidole vikakaribia kukutana. "Akikimbia mara moja tu, hizi zimelala," alisema. Za pili zilikuwa za ngozi ngumu, zenye nundu katikati. Niliposimama juu yake, unyayo ulikaza nikauma midomo.

"Hapana," mwalimu alisema. "Hii ni adhabu."

Za tatu zilikuwa zimetolewa kwenye raba kuukuu ya kukimbilia. Chini zilikuwa imara, nyuma zina kikombe cha kushika kisigino, na katikati zimeinuka kidogo tu. Mwalimu alijaribu kuikunja moja: ilikunjika kwenye vidole, katikati ikakataa. Alimwambia muuzaji aikate mbele kwa kufuata ile yangu ya zamani.

"Usiweke mpya juu ya ile ya zamani," aliniambia. "Kisigino kitakuwa kinatoka. Sasa vaa soksi zako za hoki, simama, inuka na vidole."

Niliinuka. Kisigino kilikaa. Lakini niliinama tena kuvua soksi nikague kisigino, naye akaona.

"Kinauma, ama unaogopa?"

Pale pale, mbele ya muuzaji, nilimweleza habari za shangazi. Hakucheka. Aliuliza shangazi anakaa wapi. Nilimwambia ni nje kidogo ya mji, akasema twende.

Barabara ile ilipita katikati ya chai, na nilitamani isiishe. Tangu akatwe nilikuwa nimekwepa nyumba yake. Tulimkuta ameketi kivulini akichambua maharagwe, magongo yake yameegemezwa ukutani. Alitukaribisha chai ya maziwa, na kwa sababu ya mgeni akaongea Kiswahili chake kizito. Mwalimu alipomweleza kilichotuleta, shangazi aliweka sinia chini.

"Leta mkuu," alisema. Kwa ulimi wake mguu ulikuwa mkuu. Alinibonyeza kisigino na unyayo, taratibu, akiniangalia usoni.

"Ulichomwa na kitu?"

"Hapana, shangazi."

"Mimi nilichomwa. Kisiki cha chai, tulikuwa tumetoka kupogoa. Kilipita kiatu cha gambuti kikaingia kwa kisigino. Nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Nilificha hata bwana yangu, mpaka harufu ikanitangaza." Aliachilia mguu wangu. "Yako si hiyo. Lakini usifiche."

Nilipumua, ila nusu tu, kwa maana mimi pia nilikuwa nimeficha. Mwalimu alisema soli zisiponisaidia atanipeleka hospitali yeye mwenyewe, na shangazi akamshukuru mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis.

Siku ya mechi mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wetu ulikuwa unateremka. Nusu ya kwanza nilicheza nikisikiliza mguu badala ya kutazama mpira. Mshambuliaji wao mmoja, mwembamba na mwepesi, alinipita nikiwa nimesita kugeuka, akafunga.

"Beki! Kanyaga!" mwalimu alipiga kelele.

Mshambuliaji yule alirudi tena kipindi cha pili, upande ule ule. Niligeukia mguu wa kulia kwa nguvu zote, nikingoja kuuma kule kwa asubuhi. Uliuma kidogo, ukanibeba. Gongo langu lilifika kwenye mpira kabla ya lake, nikauondoa.

Tulishindwa kwa lile bao moja. Wasichana wa shule ile waliimba hadi kwenye lori lao. Mimi niliketi kwenye nyasi, nikavua viatu, nikachomoa soli zikichuruzika maji ya matope. Mwalimu alisema nisizianike juani zisije zikajikunja, kwa hiyo niliziweka karibu na jiko la shule. Mpishi alilalamika juu ya harufu, kisha akazisogeza mwenyewe mahali penye joto zaidi.