Chaki Iliyobarikiwa

Chaki ninayoisimulia hapa si ile ya ubaoni. Ni kichwa cha chuma kilicho mbele ya mashine ya kukerezea, chenye kucha zinazobana kipande cha chuma ili kizunguke huku kisu kikikimenya taratibu. Bila chaki, mashine nzima ni meza nzito tu. Ya kwangu ilikuwa na chaki nzuri, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikaibadilisha.

Nilikuwa fundi katika karakana ya ushirika pale Mbinga. Enzi za ruksa ya biashara huria zilipokolea, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milima na malori yao kutafuta kahawa, ushirika ukayumba, na karakana ikafungwa. Wenzangu wengi waliondoka na ahadi. Mimi niliondoka na mashine ndogo ya kukerezea, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuibeba. Siku tunaishusha Matiri, kijijini kwa mke wangu, nilitembea kifua mbele nyuma ya lori, nikipunga mkono kwa watu ambao hawakuwa wakinitazama mimi.

Ndugu wa mke wangu waliitazama mashine na kushauri iuzwe chuma chakavu, nami nikalime. Aliyenikingia kifua ni mama mkwe. Alikuwa mjane, mwenye kahawa yake mwenyewe kwenye mteremko na mahindi yake kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia ya huko milimani, na alisema mashine ikae kwenye kiwanja chake, karibu na injini ya jirani ya kusaga nafaka ili niunganishe mkanda. Hakuniambia mimi. Alimwambia mke wangu, na mke wangu akaniambia mimi, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale na nimesikia kila neno. Ndivyo ilivyokuwa adabu ya ukwe nyumbani kwao: mkwe mwanamume hamsogelei mama mkwe wala hamtazami usoni, na maneno yao hupitia kwa binti. Niliishi na mama yule miaka mingi nikizifahamu zaidi ndala zake kuliko uso wake.

Kwa hiyo nilikuwa na deni la heshima, na nilijua namna ya kulilipa. Mama mkwe alikuwa na mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ile yenye pipa linalozunguka na kuliachanisha ganda jekundu na punje. Shafti yake ilikuwa imelika pande zote mbili, pipa likawa linayumba na kupasua punje. Kahawa ikishachumwa haingoji. Inamenywa siku hiyo hiyo, la sivyo inachacha. Asiyekuwa na mashine aliiuza mbichi barabarani kwa wanunuzi waliotaja bei huku wakiangalia pembeni. Mama mkwe alikuwa bado analala chini ya paa la nyasi lililovuja, na msimu ule alikuwa ameazimia kununua bati. Shafti mpya ndiyo ilikuwa bati lake. Nikamtumia ujumbe kupitia kwa mke wangu kwamba asiwe na shaka hata kidogo.

Ningeanza kuikereza kesho yake. Chuma nilikuwa nacho, ekseli ya gari bovu. Lakini kila nilipoitazama ile chaki yangu nilijisikia mnyonge. Ilikuwa ya kucha nne, nyeusi kwa grisi ya miaka, na kila ukucha ulitembea peke yake. Ulisogeza huu, ukalegeza ule, ukazungusha, ukachungulia, ukarudia. Nilijiambia kwamba fundi wa zama za soko huria hawezi kuchungulia chungulia namna ile mbele ya wateja. Wateja wenyewe walikuwa hawajaja, lakini nilitaka wakija wasinikute nachungulia.

Nikapanda gari hadi Songea, kwa mfanyabiashara wa vyuma vilivyotumika, vile vilivyoanza kumiminika kutoka bandarini kama mitumba ya nguo. Chaki zilikuwa sakafuni, zimepangwa kama vibuyu gulioni. Pembeni palikuwa na ndogo ya kucha tatu, imechakaa kidogo, ukubwa wake sawasawa na mashine yangu. Katikati palikuwa na kubwa, inang'aa, kucha tatu zinazofunguka na kufunga kwa pamoja kwa kuzungusha ufunguo mmoja tu.

"Fundi, hii ukiifunga, hata padre atakuja kuitazama," alisema yule mfanyabiashara.

Nilikuwa na kipimo mfukoni. Ningekitoa, kingeniambia kwamba tundu la nyuma la chaki ile halikuwa na uzi, ile mikato ya skrubu, wa kuifungia kwenye mashine yangu, na kwamba uzito wake ungeifanya mashine ilie. Nadhani ndiyo sababu sikukitoa. Niliuzungusha ule ufunguo mara nyingi, kucha zikifunguka na kufunga, huku nikitabasamu peke yangu mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi nikagundua nililokuwa nimekataa kulipima. Ilihitajika sahani ya chuma katikati, upande mmoja yenye uzi wa mashine, upande wa pili yenye mabega ya kukaliwa na chaki. Nikatengeneza sahani hiyo kutoka kwenye diski ya breki ya lori, na niliibania kwenye nini? Kwenye ile chaki ya zamani niliyokuwa naidharau. Ilishika bila kulalamika. Nilipomaliza nikaifungua, nikaskrubu sahani mahali pake, nikaikwangua uso pale pale ili inyooke, nikafunga chaki mpya kwa bolti. Ilizunguka bila kuyumba hata unywele. Hapo nakiri nilikuwa fundi kweli kweli, kwa muda wa jioni moja.

Chaki ya zamani nikampa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyeoa Lipingo, kule ziwani, na kubaki huko kuvua. Alikuwa amekuja kutuletea usipa, dagaa wa huko. Nilimwambia hicho ni chuma cha kizamani, labda kingemfaa kwa nanga. Akapitisha kamba kwenye tundu la katikati hapo hapo, akaipima kwa mkono, akasema inafaa.

Sasa huko kwetu kitu kipya hakianzi kazi hivi hivi. Lori hubarikiwa, kisima hubarikiwa, mashine ya kusaga hubarikiwa. Mke wangu akazungumza na katekista, na Jumapili baada ya misa padre akaja na nusu ya waumini wa kigango. Mimi nilikuwa nimejiandaa tangu Jumamosi. Niliiosha chaki kwa petroli mpaka tone la mwisho la grisi, nje na ndani, nikaisugua hadi nikaona meno yangu mwenyewe ndani yake. Kisha nikafungua kucha zote mpaka mwisho, baraka zifike ndani.

Zilifika. Huko maji ya baraka hutiwa chumvi, na katekista alikuwa ameitia kwa moyo mkunjufu. Padre alichovya tawi kwenye ndoo na kuipiga chaki kutoka mbele, kutoka kushoto na kutoka kulia, na kwa kuwa watu walikuwa wengi na uimbaji ulikuwa mzuri, akarudia. Maji yalichuruzika kwenye kucha yakapotelea ndani. Nikaona, na kwa kweli moyo wa fundi ukashtuka. Nikatoa kitambaa mfukoni.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe. "Mwambie mwenzako asifute maji ya baraka."

"Mama anasema usifute," mke wangu alinong'ona.

Watu walikuwa wananitazama. Nikakirudisha kitambaa mfukoni, nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Ili kuonyesha heshima zaidi, nikaifunika chaki kwa blanketi.

Wiki ile jirani hakuwa na dizeli ya injini, na ukungu wa Matiri ulikuwa umelala kwenye kibanda cha mashine mchana kutwa. Mimi nilikaa nje nikiota jua pale lilipojitokeza, nikiwaeleza wapita njia habari za chaki. Dizeli ilipofika, nikafunua blanketi. Chaki ilikuwa nyekundu kwa kutu kama udongo wa barabara ya Songea. Niliingiza ufunguo, nikazungusha. Kucha hazikwenda. Nikatia mafuta ya taa, nikagonga kwa nyundo ya mbao, nikaning'inia kwenye ufunguo kwa uzito wangu wote, na ufunguo ukakatika, kichwa chake kikabaki ndani.

Hapo ndipo nilipoitukana ile chaki. Sikuishia kwenye chaki. Nilimtukana na mama yake. Nilimtukana mama yake kwa kirefu, kwa Kiswahili na kwa Kimatengo, huku nikiipiga kwa nyundo ya chuma. Nilipoinua kichwa nikaona zile ndala mlangoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama na shafti yake ya zamani, ameifungia kwenye khanga. Mke wangu alikuwa nyuma yake, amejiziba mdomo. Kisha mama mkwe akaiweka shafti chini, polepole, akamwambia binti yake, "Mwambie kahawa imeanza kuiva," na akaondoka.

Angenitukana ningepona. Lile neno lilinikaa kifuani. Nilimwona akilini amelala chini ya lile paa msimu mwingine mzima, akihamisha kitanda kukwepa matone, na mimi nikiwa na mashine iliyobarikiwa kwenye kiwanja chake. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Asubuhi nikadandia lori la mahindi linaloteremka ziwani. Nilimkuta shemeji ufukweni Lipingo, anashona nyavu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kula samaki wetu wa mbasa?"

"Nimekuja kuchukua nanga."

Aliacha kushona. "Kile chuma cha kizamani?"

"Ndicho."

"Si ulisema hakifai?"

"Nilisema."

Alinitazama, akamwita mkewe aje, akaniomba nirudie mbele ya shahidi. Nikarudia. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha nikamweleza habari ya mama yake na kahawa, kicheko kikakatika. Alikwenda mwenyewe kwenye mtumbwi na kuileta chaki begani, inachuruzika maji ya ziwa, ina mchanga kwenye kucha. Nikachomeka ufunguo wake, niliokuja nao, nikashika pumzi na kuzungusha. Ukucha wa kwanza ukatembea. Wa pili ukatembea. Ile grisi nyeusi niliyokuwa naionea haya ilikuwa bado ndani, imejaa, na maji ya ziwa hayakuwa yamepata mahali pa kupita.

"Sasa mimi nitatia nanga na nini?" shemeji aliuliza.

"Nitakuletea nyingine," nilimwambia. "Kubwa zaidi. Tena imebarikiwa."

Niliporudi Matiri niliing'oa ile ya kung'aa kwa gogo na jasho, nikaskrubu ya zamani mahali pake, ikakaa kama haikuwahi kuondoka. Nikaanza kuchungulia. Nilisogeza ukucha huu, nikalegeza ule, nikaweka ncha ya waya karibu na chuma nione kinagusa wapi, nikazungusha kwa mkono, nikarudia. Walipita watu wengi mlangoni na wote walinikuta nachungulia. Kisha mkanda ukavutwa, kisu kikagusa, na chuma kikaanza kumenyeka kwa nyuzi ndefu za buluu. Shafti ilimalizika kahawa ikiwa bado mtini, ingawa kwa tabu.

Siku ya kwanza ya kumenya nilisimama mbali, upande wa wanaume, kama ilivyopasa. Mama mkwe alizungusha mpini mwenyewe. Pipa halikuyumba. Punje zilidondoka kwenye beseni zikiwa nzima, zinateleza, na nilisikia harufu ile ya kahawa mbichi nikataka kulia, nikajifanya nimeingiwa na mdudu jichoni. Malori ya wanunuzi yalipita barabarani, na kwake hayakupata debe hata moja la kahawa mbichi.

Nyumba ikaezekwa. Padre akaitwa kubariki bati, na kwa kuwa alikuwa ameshafika, mama mkwe akaomba na mashine yake ya kumenya itolewe nje ibarikiwe. Nilipoiona ile ndoo ya katekista nilijua la kutarajia. Tawi likachovywa, likapiga, maji ya chumvi yakatambaa kwenye shafti yangu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nilikuwa na kitambaa mfukoni. Niliuacha mkono wangu humo humo, nikatazama chini, nikasema amina.

Zile ndala zikapita mbele yangu. Mama mkwe alisogea hadi kwenye mashine, padre akiwa bado ameshika tawi, akachukua pindo la khanga yake mpya na kuifuta shafti. Aliifuta pande zote mbili, akaingiza kidole ndani ya khanga na kufuta pembeni kabisa, pale inapokaa kwenye bushi, tundu la chuma linaloishika. Alipomaliza, akajifunga ile khanga yenye maji ya baraka kiunoni, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake akanitazama machoni.

"Fundi," alisema, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, "lete mafuta."

Nilikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi.