Pua ya Fínín Ahearne

Watu wa mji wa Cork watakwambia kuwa Fínín Ahearne alikuwa akinusa siagi na kukutajia ng'ombe wake alilishwa bonde gani. Mimi nilikuwa fundi wa mapipa kwenye ua wa Bwana Meade, mwenye ghala la siagi alikofanya kazi Fínín, na nakwambia kwamba kwa miaka miwili mizima pua ile haikunusa hata moshi.

Zamani alikuwa hodari kweli, sitamnyima haki yake. Wakulima walishusha vipipa vyao kutoka migongoni mwa farasi, na Fínín akazamisha fimbo ya chuma yenye mfereji mpaka chini kabisa, akaichomoa na siagi yake, akanusa, akatamka: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chapa ya moto ikapigwa ubavuni mwa kipipa, na neno la Fínín likavuka bahari mpaka Jamaika, kwenye joto ambalo siagi mbovu haiwezi kujificha. Walioila kule ni wenye mashamba ya miwa. Waliochapwa viboko wakiikata hiyo miwa hawakuilamba, na jambo hilo liliniuma kila nilipogongomea kifuniko. Lakini niligongomea.

Basi, majira ya baridi fulani Fínín aliteleza gatini akatumbukia mtoni. Tukamwopoa, akaugua mafua mwezi mzima, akarudi kazini na kiburi chake kilekile. Siku moja akaegemea jiko la chapa huku akinisimulia habari za mkewe.

"Fínín, unaungua!" nikamwambia.

"Nani anaungua?"

"Wewe! Mkono wa koti!"

Moshi ulikuwa unampanda usoni, naye anageukageuka kutafuta moto uko wapi. Tulipouzima alinivuta nyuma ya mapipa, uso umemshuka.

"Ndugu yangu, ukisema nimekwisha. Hata nyumba ninayolala ni ya Bwana Meade. Mafua yameondoka na pua yangu."

"Na siagi unaipima kwa kitu gani?"

"Kwa macho. Naiweka puani, nafumba jicho moja, na kwa la pili namtazama mwenye siagi. Anayejua ameleta uchafu hutazama boriti za paa, au hutazama sakafu. Popote, ila machoni mwangu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mbaya zaidi, mbinu ilifanya kazi. Fínín akawa mkali kuliko alipokuwa na pua. Kuna Conchúr, mkulima wa Macroom, mtu mwenye shingo ya fahali. Fínín alimnyamazia kwa muda mrefu, siagi puani, jicho moja wazi, mpaka yule bwana akaanza kutokwa jasho.

"Basi, basi!" Conchúr akapiga kelele. "Chini nimeweka ya mwaka jana! Acha kuninusia hivyo, mzee!"

"Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe," akajibu Fínín, mwongo mkubwa, na ghala zima likamheshimu.

Tukaenda hivyo mpaka siku aliyokuja Gobnait, mjane kutoka milima ya Kerry. Alikuwa ametembea siku mbili na farasi wa kuazima, aliyebeba kipipa kimoja tu. Fínín akazamisha fimbo, akaiweka puani, akafungua jicho. Mama wa watu alikuwa amekunja uso, midomo ameiuma, macho yako sakafuni.

"Ya tatu," akasema Fínín. Chapa ikalia tss kwenye ubao.

"Ya tatu?" Gobnait akainua kichwa. "Ng'ombe wangu ni mmoja, na kwa bei ya ya tatu itabidi nimuuze yeye ndipo nilipe kodi ya shamba. Nusa tena."

"Nimeshanusa, mama."

"Hujanusa! Nimekuona. Wewe unanusa siagi au unanitazama mimi?"

"Mtu mwenye siagi nzuri hatazami sakafu."

"Ala! Ni viatu!" Akavivua palepale akavitupa miguuni pa Fínín. "Vya dada yangu! Nimetembea peku njia nzima, nikavivaa kwenye daraja la mji nisionekane mshamba. Vinanibana mpaka roho inataka kutoka!"

Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, damu inatoka. Fínín akavitazama. Najua alichokiona, kwa sababu nilikiona pia: angenyamaza tu, nyumba ingebaki, kazi ingebaki, na ng'ombe wa mwenzake angeuzwa. Nilimwombea anyamaze. Naona haya kusema hivyo, lakini nilimwombea.

"Fundi," akaniambia, "toa ubao wenye chapa, weka mwingine."

"Kwa nini?" Bwana Meade akauliza kutoka mlangoni.

"Kwa sababu sinusi kitu, bwana. Huu mwaka wa pili."

Kisha sauti nzito ikatoka nyuma, kwenye foleni ya wakulima.

"Ngojeni kwanza," akasema Conchúr. "Kwa hiyo siku ile nilikiri bure?"

Ghala likalipuka. Nusu wanacheka, nusu wanataka kumkunja shati, na Conchúr akiwa pande zote mbili. Bwana Meade akanusa siagi ya Gobnait mwenyewe, akanusa tena, akasema ni ya kwanza. Halafu akamnyang'anya Fínín fimbo.

Nyumba ikaenda. Fínín na mkewe wakahamia kwangu, na anakoroma kama msumeno. Sasa anavingirisha mapipa nami uani, wakati ndani ananusa kijana mwenye pua mpya. Wakulima wanaopita wakiwa na siagi mbovu bado wanatazama juu wakimwona, japo uani hakuna boriti na mvua inawaingia machoni. Fínín hunigusa kiwiko: "Ya tatu." Na kweli, dakika chache baadaye tunasikia ya tatu.

Ila akipita mtu anayetazama chini, Fínín hasemi neno. Anamtazama miguu kwanza.