Mwenye Nyumba Yumo

Mtu akikuambia kuhamia nyumba mpya ni raha tupu, mwulize kwanza kama amewahi kutafuta kichujio cha chai ndani yake. Bi Pembe Nne alikitafuta siku tatu. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia hospitalini, na si kwamba ana pembe, maana ni mpole mpaka anakera. Ni kwa sababu shuka likipita mikononi mwake hutoka limekunjwa pembe zote nne zikaonana sawasawa. Miaka ishirini na mitatu kazi yake ni hiyo. Mtu wa namna hiyo hapotezi kichujio.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: vyumba viwili, sebule, na jiko linalotazama uani. Yeye na mumewe, dereva wa lori la mkate, walikuwa wamekaa vyumba vya kupanga tangu waoane, na watoto walilelewa humo humo mpaka wakaondoka kwenda kwao. Kwa hiyo walipoinunua hii yao, Bi Pembe Nne alijiwekea utaratibu. Kila jioni akitoka kazini, kazi moja ndogo, isizidi moja. Jumatatu alitandika karatasi safi kwenye rafu za jiko. Jumanne alikaza kishikio cha droo kilichokuwa kinacheza kama jino la mtoto. Jumatano akapigilia misumari ya kutundikia sufuria, kubwa kwanza, ndogo mwisho. Jumamosi akaupaka mlango wa uani rangi ya kijani, mumewe amesimama pembeni anatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Wiki iliyofuata akaendelea na fremu za madirisha, na nyumba nzima ikawa inanuka rangi.

Wiki hiyo hiyo vitu vikaanza kuhama.

Vikombe alivyovipanga rafu ya juu, kulia kwa dirisha, alivikuta kwenye kabati la chini, kushoto, vimewekwa kifudifudi. Sufuria ndogo ilikuwa imetangulia, kubwa ikafuata. Ufagio aliouegemeza nyuma ya mlango ulikuwa uani. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kama alivyoiacha. Hakuna kilichoibwa wala kilichovunjika, na uani, tuseme ukweli, palikuwa pamefagiwa vizuri kuliko anavyofagia yeye. Sasa ni mwizi gani anayefungua nyumba ya watu aje afagie? Alivirudisha vikombe juu. Kesho yake viko chini.

Alimbana mumewe, akakana kwa mikono miwili.

"Mimi nikiosha kikombe utajua tu, mama watoto," akasema. "Utakikuta vipande viwili."

Na ni kweli, kwa kuwa yule bwana hutoka na lori lake kabla ya kila mtu, na akirudi chombo pekee anachokigusa ni sahani yenye chakula. Basi Bi Pembe Nne akachukua daftari, akaanza kuandika. Vikombe: juu, kulia. Kisu cha mkate: droo ya pili. Chini yake akaongeza: Nimeandika mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Jioni aliporudi, vikombe vilikuwa chini kushoto, kisu hakijulikani kiko wapi, na daftari liko pale pale alipoliacha. Akakaa kwenye kigoda, akausoma mwandiko wake mara mbili, mara tatu. Ulikuwa wake kweli. Lakini kama mkono uliandika juu kulia, basi nani aliyeweka chini kushoto, kama si mkono huo huo?

Akaogopa. Niseme wazi kwamba aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa chochote, maana mama yake mzazi alianza hivi hivi, na katika umri kama wake. Kwanza viatu kwenye ndoo ya unga. Kisha funguo kwenye birika. Watu wa nyumbani wakacheka, wakaona ni uzee unamtania. Mwishowe mama yule alikuwa akimwona binti yake anaingia, anamwamkia shikamoo. Bi Pembe Nne aliitikia vipi siku ya kwanza hataki kukumbuka.

Mumewe alipomkuta analia mbele ya kabati, mizaha ikaisha. Kuanzia hapo akawa anamsemesha taratibu, neno kwa neno, kama anayeongea na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Siku moja alimtoa kiberiti mkononi, akawasha jiko yeye. Upole huo ulimkata maini mkewe. Alitamani atukanwe.

Kisha ikaja Alhamisi ya fundi cherehani. Fundi huyu alikuwa na kibaraza chake ng'ambo ya njia ya nyuma, uso kwa uso na ua wao, na kwa kawaida hainui macho kutoka kwenye kitambaa. Bi Pembe Nne alipopita jioni akitoka kazini, walisalimiana, na fundi akasema, katika kupitisha maneno tu, kwamba mwenye nyumba ni mchapakazi, leo saa nne alikuwa anafagia uani.

Saa nne Bi Pembe Nne alikuwa hospitalini, amesimama mbele ya rundo la mashuka. Au alikuwa wapi?

Akamwuliza fundi kama ana uhakika.

"Mwenye nyumba mwenyewe," fundi akasema, akikata uzi kwa meno. "Tena nilimsalimia, akaitikia."

Hakuuliza zaidi, kwa sababu angeulizaje? Amwambie mtu mzima, samahani fundi, huyo uliyemsalimia nilikuwa mimi? Usiku ule hakugusa chakula. Alijiona anatoka kazini katikati ya asubuhi, anatembea njia nzima, anafagia, anahamisha vikombe, anarudi kukunja mashuka, na hakumbuki hata hatua moja. Na mashuka yale mengine ni ya chumba cha upasuaji, hayafai kuchanganywa. Siku akiyachanganya, atakayeumia si yeye. Kabla ya kulala aliandika barua ya kuacha kazi, akaikunja pembe nne.

Ijumaa alikwenda nayo kazini mfukoni. Alifika mpaka mlangoni kwa msimamizi wake, akasita, akaomba ruhusa ya saa mbili badala ya kuitoa. Alikuwa amepiga moyo konde: kabla ya kuacha kazi, lazima aende nyumbani saa nne akajifumanie. Ndiyo, ajifumanie mwenyewe. Usicheke. Hata yeye njiani alikuwa hajui kama anatembea kwenda kumkamata mtu au kwenda kuwa mtu huyo.

Alizunguka nyuma. Mlango wa kijani ulikuwa wazi nusu, na ndani maji yalikuwa yanachuruzika.

Mbele ya sinki alisimama bibi mwembamba, kitambaa kichwani, viatu amevivua kizingitini. Alikuwa anafuta kikombe.

"Karibu," bibi akasema. "Pita tu, sakafu imeshakauka."

Bi Pembe Nne, ndani ya jiko lake, alijikuta anatoa shikamoo na kuvua viatu. Kilichompata kwanza kilikuwa furaha. Alimtazama bibi yule miguu, mikono, ufunguo wa mlango wa uani uliofungwa kwenye pindo la nguo yake, akaona ni mtu kamili, na mtu huyo si yeye. Barua ya mfukoni haikuwa na kazi tena. Paji lile la uso alilijua: lilikuwa la bwana aliyewauzia nyumba. Huyu ni mama yake, na kwa fundi cherehani mwenye nyumba alikuwa huyu tangu zamani, wao wapangaji tu, na hakuna aliyemwambia vingine.

Bibi alikuwa anaeleza, bila kuulizwa. Mwanawe amemhamishia kwake kwa muda, mtaa wa pili, mpaka hapa pamalizwe kupakwa rangi. Basi kila asubuhi wenzake wakienda kazini, yeye huja kuangalia kama rangi imekauka, na kwa kuwa hawezi kukaa bure, anasafisha. Kisha akashusha sauti.

"Lakini humu kuna mtu anaingia. Vikombe naviweka chini, kesho viko juu. Sufuria zinageuzwa. Nimemwambia mwanangu, ananitazama tu. Siku hizi ananisemesha polepole." Akakiweka kikombe kifudifudi kando ya sinki. "Niambie wewe, mwanangu, maana hunijui. Nimeanza kurukwa na akili?"

Furaha ya Bi Pembe Nne ikageuka aibu pale pale. Swali lile alikuwa amelala nalo wiki nzima, na hakupata wa kumwuliza. Ukweli wote alikuwa nao mdomoni: nyumba imeuzwa, mama, huku si kwako tena.

"Hapana," akasema. "Ni mimi. Vikombe nahamisha mimi, kila jioni."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Na sufuria."

Bibi akashika ukingo wa sinki. Akacheka, cheko likapanda mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kile kile kitambaa cha vyombo. "Niliwaambia," akawa anasema. "Niliwaambia niko mzima." Bi Pembe Nne alimshika mkono akamkalisha kwenye kigoda, akakaa naye sakafuni mpaka pumzi zikamrudi. Alikuwa analia na yeye, na hakujua anamlilia nani kati ya watatu: bibi, mama yake, au yeye mwenyewe.

"Kumbe wewe ndiye fundi wa rangi," bibi akasema hatimaye, akimtazama vizuri. "Na hii rangi itakauka lini? Nataka kurudi nyumbani."

Mlango ulikuwa umekauka siku nyingi. Bi Pembe Nne akainuka, akaubandika kiganja, akakaa kidogo kama anayepima.

"Bado, mama," akasema. "Uwe unapita kuitazama."