Diski ambayo shule haikuwa nayo

Babu yangu alifundisha shule ya msingi huko Luhwindja kabla ya kuja Bukavu kuishi nasi, mtaa wa Kadutu. Mwaka jana sauti yake ilianza kukauka, na hospitalini walimwambia itaendelea kupungua. Hakulalamika. Aliniomba tu nimrekodi akisoma maneno ya Mashi, lugha yetu, aliyoyaandika kwenye daftari lake, neno moja moja, ili watoto wa shule iliyo chini ya mteremko wetu wayasikie kutoka kinywani mwake.

Mimi niliishia darasa la sita. Mambo ya kompyuta nilijifunza kwa jirani anayetengeneza simu, kwa kutazama mikono yake, maana naona haya kuuliza. Aliniachia kompyuta yake ya zamani, ordinateri yenye mfumo wa Linux. Ordinateri ya shule ilikuwa ya Windows, na vifaa vya kutengenezea programu za Windows havikubali kukaa kwenye Linux. Jirani akaniwekea programu ya katikati, inayovidanganya vifaa hivyo vidhani viko kwao. Vilienda polepole, herufi nyingine zikatoka kama visanduku vitupu, lakini vilienda. Mimi pia huenda polepole.

Kila asubuhi babu alisoma maneno machache, akakohoa, akanywa maji ya moto, akasoma tena. Nikamwonyesha programu niliyoitengeneza: ukibonyeza neno, sauti inatoka. Alicheka kujisikia.

"Eh! Huyu muzee anasema kama askofu!"

Siku moja kabla ya kwenda shuleni, jirani aliniuliza, "Ulisha jaribu ku Windows ya kweli?"

"Ndiyo," nilisema.

Sikuwa nimejaribu. Ningelazimika kubisha kwa direkta, mkuu wa shule, na kujieleza mbele ya walimu. Nikaona, kama inaongea kwangu, na kule itaongea.

Babu alivaa koti lake la ualimu, maman alilipiga pasi. Direkta alikuwa amekusanya darasa la tano.

"Karibu, muzee. Leo sisi ndiyo wanafunzi."

Nilichomeka kle yangu, kile kijiti cha kubebea mafaili, nikabonyeza neno la kwanza. Neno lilionekana, sauti hapana. Nikabonyeza lingine.

"Ordinateri iko bubu!" mtoto mmoja alisema, na darasa zima likacheka.

Chini ya skrini palikuwa na mstari mdogo: faili haipatikani, diski Z. Nikaelewa hapo hapo. Programu ya katikati huonyesha mafaili yangu kama diski inayoitwa Z, nami nilikuwa nimeandika ndani ya programu yangu kwamba sauti zitafutwe huko. Windows ya shule haikuwa na diski hiyo. Sauti za babu zilikuwa palepale kwenye kle, ila programu ilikuwa inazitafuta nyumbani kwangu.

Babu aliinama karibu na skrini. "Pengine sauti yangu imekuwa kidogo sana," alisema. "Mashine haiisikie."

"Utarekodi tena ukipona, muzee," direkta alijibu kwa upole.

Ningeweza kusema. Nilitazama viatu vyangu. Babu akapanda mteremko akibeba kosa langu, akisimama kila baada ya hatua chache ili apumue.

Nyumbani nilisahihisha mstari mmoja tu, na bugali ilikuwa bado haijaiva. Lakini nilipomletea simu asome maneno yaliyobaki, alifunga daftari.

"Wacha. Mashine ilisha nikataa."

Hata hapo sikusema. Ukapita zaidi ya mwezi. Mwishowe nilishuka shuleni peke yangu, nikabisha, na darasa la tano likamsikia. Nilirudi nikamweleza babu yote: diski Z, na uongo niliomwambia jirani. Wakati huo alikuwa anaongea kwa pumzi tu, ikabidi nisogeze sikio.

"Batoto barirudilia maneno?"

"Walirudilia, babu. Waliyasema nyuma yako, kwa nguvu."

Alitabasamu. Kisha akaangalia koti kwenye msumari.

"Ungeniambia palepale. Nilikuwa ningali na koti ku mugongo."

Maneno ambayo hakuyasoma nimeyaandika pia kwenye orodha ya programu, kutoka daftarini. Watoto huyabonyeza, wanasubiri, halafu wanaenda kwenye neno lingine.